Anaweza, inafaa, au ni haki yake? Jinsi hoja za kwanza za elimu ya wanawake zilivyojengwa

Septemba 1791 mwanasiasa Talleyrand aliwasilisha mbele ya Bunge la Ufaransa ripoti ndefu kuhusu elimu ya umma. Wavulana aliwapangia ngazi za shule kutoka msingi hadi juu. Wasichana aliwaruhusu kukaa shule ya msingi mpaka miaka 8, kisha warudi kwa wazazi wao wakafundishwe kazi za nyumbani. Cha kushangaza ni kwamba ripoti hiyohiyo ilikiri kuwa nusu moja ya wanadamu kuzuiwa na nusu nyingine isishiriki utawala ni jambo ambalo, ukilipima kwa kanuni peke yake, halielezeki. Alikiri, halafu akazuia. Sababu aliyotoa ni kwamba furaha ya wote, hasa ya wanawake wenyewe, inadai wasitamani shughuli za siasa.

Ukielewa jinsi mtu mwenye akili timamu alivyoweza kusema mambo hayo mawili kwa pumzi moja, umeshaelewa nusu ya mjadala wa karne nne. Hoja za kutetea elimu ya wanawake hutiwa kapu moja, kana kwamba kuanzia mwaka 1400 hadi 1800 watu walikuwa wakirudia wazo moja kwa sauti inayozidi kupanda. Ndani ya kapu hilo mna madai matatu tofauti. La kwanza: mwanamke anaweza kusoma. La pili: kumsomesha kuna faida. La tatu: kusoma ni haki yake. Kila dai lina ushahidi wake na mahali pake pa kuvunjikia, na mtu anaweza kukubali moja na kuyakataa mengine bila kujipinga. Talleyrand alilikubali la tatu kwenye karatasi, akalizima kwa la pili.

Kuweza: orodha na udhaifu wake

Dai la uwezo ndilo lililotangulia. Christine de Pizan alikulia Paris, ambako baba yake alikuwa mnajimu wa mfalme Charles V. Alifiwa na mume akiwa na miaka kama 25 na watoto watatu, akaamua kuishi kwa kalamu. Katika kitabu chake cha 1405 kuhusu mji wa kufikirika uliojengwa na wanawake, anamsemesha mhusika aitwaye Bibi Akili, anayemjibu kwamba laiti ingekuwa desturi kuwapeleka mabinti shule na kuwafundisha elimu zilezile za wavulana, wangezielewa vilevile. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa nyingi zinazoifuata, kwa sababu inaweka chanzo cha tofauti kwenye desturi. Kinachofuata ni orodha: malkia, washairi, mashujaa, watakatifu, na Novella wa Bologna, binti wa mwalimu wa sheria, aliyefundisha badala ya baba yake akiwa nyuma ya pazia ili uzuri wake usiwapoteze wanafunzi mawazo.

Orodha kama hizo ziligeuka mtindo. Kwa zaidi ya miaka 200 kila mtetezi alikuwa na yake, na kila mpinzani alijua namna ya kuijibu: hao ni wa pekee. Hapo ndipo mbinu inapokwama. Ukitaja wanawake 50 waliobobea, mpinzani atakupa wote 50 na bado hutakuwa umesema neno kuhusu binti wa mwokaji mikate. Tena kadiri unavyowapamba ndivyo unavyowatenga na wenzao.

Mwandishi Mfaransa Marie de Gournay alilitambua tatizo hilo. Huyu alijifunza Kilatini peke yake, bila kitabu cha sarufi, kwa kuweka tafsiri ya Kifaransa kando ya matini ya asili na kulinganisha mstari kwa mstari. Katika kijitabu chake cha 1622 kuhusu usawa wa wanaume na wanawake alikataa mashindano ya nani bora kuliko nani, akasema anataka usawa tu. Aligeuza pia ushahidi. Ikiwa wanawake wa mjini wanatofautiana na wa shambani, na wa nchi moja na wa nchi nyingine, kwa sababu ya malezi tu, kwa nini malezi hayohayo yasieleze tofauti kati yao na wanaume? Kwa wanaodai kuwa maumbile ni mawili yasiyokutana, aliwakumbusha kwamba hakuna kinachofanana na paka dume aliyelala dirishani kama paka jike.

Lakini aliyelivua gamba suala hili ni mwanamume, François Poullain de la Barre, aliyetoa kitabu mwaka 1673 akiwa na miaka 26 hivi. Alikuwa mfuasi wa mwanafalsafa Descartes, na alichofanya ni kuchukua kanuni ya mwalimu wake ya kutia shaka kila kisichothibitishwa na kuielekeza kwenye imani ambayo hakuna aliyewahi kuisumbua. Hatua zake zinafuatika. Chukua maoni ambayo kila mtu anayakubali. Uliza yametoka wapi: kwenye uthibitisho, au kwenye mazoea na maslahi? Kisha mtazame shahidi. Yote ambayo wanaume wameandika kuhusu wanawake yanapaswa kutiliwa shaka, kwa kuwa wao ni hakimu na papo hapo ni upande mmoja wa kesi. Mwisho rudi kwenye maumbile: tofauti za mwili zinahusu uzazi, na ubongo unaochunguzwa na wapasuaji hauoneshi tofauti yoyote ya kufikiri. Kwa hiyo akili haina jinsia. Hakuishia hapo. Alisema wazi kwamba wanawake waliosomeshwa wanaweza kuwa walimu wa vyuo, mahakimu, makamanda wa majeshi, hata viongozi wa kanisa.

Alichovunja Poullain ni mzunguko huu: hawasomeshwi, basi hawajui, kwa kuwa hawajui, husemwa hawawezi, kwa kuwa hawawezi, hakuna haja ya kuwasomesha. Mzunguko wa namna hiyo hauvunjwi kwa mifano. Unavunjwa kwa kuhamisha mzigo wa uthibitisho. Anayezuia ndiye aoneshe sababu ambayo ingebaki palepale hata kama wote wangepewa elimu moja. Mpaka aioneshe, hana hoja, ana mazoea.

Si kila mtetezi wa uwezo alitaka kufika huko. Anna Maria van Schurman wa Utrecht alikuwa msomi aliyejulikana Ulaya nzima, bingwa wa lugha, Kigeezi cha Ethiopia kikiwemo, na sarufi yake aliiandika. Chuo kikuu cha Utrecht kilipofunguliwa mwaka 1636 aliruhusiwa kusikiliza mihadhara akiwa ndani ya kijichumba ili wanafunzi wasimwone. Tasnifu yake ya Kilatini ya 1641 imepangwa kwa mantiki ya shule: kauli kuu, kauli ndogo, hitimisho. Kwa mfano, mwenye tamaa ya asili ya elimu, elimu inamfaa. Mwanamke ana tamaa hiyo. Basi elimu inamfaa. Huwezi kupitisha hata karatasi katikati. Ila kabla ya hoja ameweka masharti, na wasomaji wengi huyaruka: awe na akili walau ya wastani, awe na uwezo wa mali, awe na wakati usiobanwa na kazi za nyumba, na lengo liwe utukufu wa Mungu na wokovu wa roho. Ukiyajumlisha, unabaki na binti tajiri asiye na mume wala watoto. Ushauri kwa anayesoma maandiko ya zama hizo: anza na masharti, ndipo uende kwenye hitimisho.

Faida: hoja inayofungua mlango na kuweka dari

Bathsua Makin, aliyewahi kumfundisha binti wa mfalme Charles I wa Uingereza, alichapisha mwaka 1673 andiko la kutaka elimu ya kale ya mabinti ifufuliwe. Lilikuwa pia tangazo la shule yake ya Tottenham, maili 4 kutoka London. Nusu ya muda ingetumika kwa yale yaliyozoeleka kufundishwa wasichana: kucheza dansi, muziki, kuimba, kuandika, kutunza hesabu. Nusu nyingine ingekuwa ya Kilatini na Kifaransa, na anayetaka angeongeza Kigiriki, Kiebrania, Kiitalia au Kihispania. Anayeona lugha moja inatosha angeachwa nayo. Mtoto wa miaka 8 au 9 anayesoma vizuri angezimudu lugha hizo mbili kwa mwaka mmoja au miwili. Ada ilikuwa pauni 20 kwa mwaka, na ziada kama mtoto angeonesha maendeleo ya kutosha.

Makin alilijua soko lake. Aliandika kwa sauti ya mwanamume, akawahakikishia wazazi kwamba hataki kuwasawazisha wanawake na wanaume, na akaeleza sababu bila aibu: anayeomba mno hunyimwa vyote. Hoja zake zote ni za faida. Mke aliyesoma atamsaidia mumewe, mjane ataelewa mambo yake mwenyewe, mama atawafundisha wanawe lugha, na taifa litanufaika.

Hoja hiyo ilishawishi wengi, na bado hushawishi. Shida yake ni kwamba kiasi cha elimu kinapimwa na kazi iliyokwisha kupangwa. Fénelon, padri Mfaransa aliyekuja kuwa askofu mkuu, aliianza safari hiyohiyo mwaka 1687 katika kitabu chake cha malezi ya wasichana. Nyumba inaendeshwa na mwanamke, na mwanamke mjinga huiharibu, basi afundishwe. Orodha yake ni ya maana: kusoma na kuandika bila makosa, kanuni nne za hesabu, daftari la matumizi, hata sheria kidogo ajue wosia unatofautianaje na hiba. Kisha dari likashuka: msichana aionee elimu ya juu haya karibu sawa na haya anayoionea tabia chafu. Fénelon hakuipotosha hoja ya faida. Aliifuata mpaka mwisho wake.

Aliyeigeuza hoja hiyo kwa ustadi kuliko wote alikuwa mtawa wa Mexico, Sor Juana Inés de la Cruz. Mwaka 1690 askofu wa Puebla, akijificha nyuma ya jina la kitawa la kike, alimwonya kwamba anashughulika mno na elimu za kidunia. Sor Juana alijibu Machi 1691 kwa waraka mrefu, na ndani yake akaingia jikoni. Yai hushikana na kukaangika kwenye siagi au mafuta, lakini kwenye shira huparaganyika. Sukari hubaki majimaji ukiitia maji kidogo sana yaliyolowekewa tunda chachu. Kiini na ute wa yai lilelile hukubaliana na sukari kila kimoja peke yake, vikiwa pamoja vinakataa. Angalizo lake ni kwamba Aristotle angepika, angeandika zaidi. Wanaonukuu mzaha huo huacha kilichoutangulia: alikuwa anaonesha kwamba ukimfungia mtu vitabu hujamfungia kufikiri, na kwamba kazi ileile aliyopangiwa mwanamke haitenganishwi na udadisi. Katika waraka huohuo alipendekeza jambo la vitendo: wanawake wazee waliosoma wawafundishe wasichana, kwani wazazi wengi waliwaacha mabinti bila elimu kwa kuogopa kuwaweka na walimu wa kiume.

Roho, na kanuni sita za kufikiri

Mary Astell wa Newcastle, Uingereza, alichukua njia nyingine. Pendekezo lake la 1694 linaanzia kwa Mungu: hakumpa kiumbe akili ili isitumike, na wanawake wana roho yenye akili, basi kuwaacha wajinga ni kupinga mpango wake. Faida kwa mume haihesabiwi. Alitaka nyumba ya mafungo ambamo wanawake wangeishi, kusali na kusoma bila kuweka nadhiri, kila mmoja akileta kiasi cha pauni 500, pesa ambazo, kwa maoni yake, familia ingezitoa kwa urahisi kuliko maelfu ya mahari ya kumwoza. Inasemekana bibi mmoja tajiri alikuwa tayari kutoa pauni 10,000, askofu Burnet akamzuia kwa hofu kwamba mahali hapo pangefanana na monasteri ya Kikatoliki. Nyumba haikujengwa.

Ndipo mwaka 1697 akatoa sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo bora, kwa kuwa inampa msomaji wa kike kazi ya kufanya akiwa peke yake chumbani, bila shule wala mwalimu. Kanuni zake za kufikiri ni sita. Elewa swali vizuri, pamoja na maneno yaliyomo, kabla ya kulijibu. Ondoa yote yasiyohusika. Anza na kilicho rahisi na upande kwa utaratibu hadi kilicho kigumu. Usiache sehemu yoyote bila kuichunguza. Usiondoe macho kwenye mada. Usihukumu kupita unavyoona, wala usikubali kuwa kweli kisichokuwa dhahiri kwako. Ni mantiki ya shule ya Descartes, imeshushwa kwa Kiingereza chepesi kwa watu waliofungiwa milango ya vyuo.

Astell pia ndiye anayesomwa vibaya kuliko wote. Katika dibaji ya 1706 ya kitabu chake kuhusu ndoa aliuliza: ikiwa wanaume wote huzaliwa huru, imekuwaje wanawake wote huzaliwa watumwa? Swali hilo huwekwa kwenye mabango kama wito wa ukombozi. Yeye alikuwa mfuasi wa mfalme na kanisa, asiyependa mapinduzi. Alikuwa anawachoma wanasiasa waliokataa udikteta wa mfalme na kuukumbatia wao wenyewe nyumbani. Mke aliyekwisha kuolewa alimshauri atii, na asiyetaka kutii asiolewe. Kwa kauli yake, usawa wa akili na utii wa ndoa vinakaa pamoja, na ukimsoma ukidhani anadai kura utapotea njia.

Wollstonecraft afunga nyuzi tatu pamoja

Mwanafalsafa Rousseau, katika kitabu chake cha malezi cha 1762 kuhusu kijana wa kufikirika aitwaye Émile, alimpangia mchumba wake Sophie elimu ya kumpendeza. Kuthibitisha kwamba wasichana kwa maumbile hupenda urembo kuliko kalamu, alisimulia habari ya mtoto aliyependa kuandika herufi O tu, kubwa na ndogo, moja ndani ya nyingine. Siku moja akajiona kwenye kioo jinsi alivyokaa vibaya akiandika, akaitupa kalamu. Mary Wollstonecraft, mwandishi Mwingereza, alimjibu kwamba huenda yeye ameangalia watoto wa kike wengi kuliko Rousseau, na kwamba kisa hicho kinastahili kuwekwa pamoja na vya nguruwe msomi, mnyama aliyekuwa akioneshwa London kwa kiingilio miaka ya 1780.

Kitabu chake cha 1792 kuhusu haki za mwanamke kimeandikwa haraka na kinazungukazunguka, ila mifupa yake ni imara. Kinachomwinua binadamu juu ya mnyama ni akili. Wema unatokana na akili inayochagua, na utii wa kipofu hauhesabiki kuwa wema. Kama mwanamke ana roho, wema wake ni wa aina moja na wa mwanamume, hata kama kiasi kitatofautiana. Wema wa namna hiyo unahitaji akili iliyozoezwa na mtu aliye huru kuitumia. Nguvu za misuli anawaachia wanaume bila ubishi. Faida nayo haiachi: mama asiyeelewa uhuru atawafundishaje wanawe kuipenda nchi? Na kwa Talleyrand, ambaye kitabu kimetabarukiwa kwake, anauliza nani aliyemfanya mwanamume kuwa hakimu wa pekee. Anayetaka kuwanyima wanawake haki athibitishe kwanza kwamba hawana akili. Ni mzigo uleule alioutwika Poullain, ukiwa sasa mlangoni pa serikali.

Sura ya 12 ina mpango kamili. Serikali ianzishe shule za kutwa. Watoto wa miaka 5 hadi 9 wasome bure, wa kiume na wa kike pamoja, tajiri na maskini, wakivaa nguo za namna moja. Jengo lizungukwe na uwanja mkubwa, kwa kuwa mtoto wa umri huo asikalishwe zaidi ya saa 1 mfululizo. Kusoma, kuandika, hesabu, viumbe hai na majaribio mepesi ya sayansi yawe masomo. Dini, historia na siasa zifundishwe kwa mazungumzo ya maswali na majibu. Walimu wateuliwe na kamati ya parokia, na malalamiko ya uzembe yawe na sahihi za wazazi wa watoto 6. Kifungu hiki kinatokana na tatizo alilolifahamu, kwani aliwahi kuendesha shule Newington Green: mwalimu wa shule ya binafsi hutegemea kuwafurahisha wazazi, basi huwakaririsha watoto mashairi ya kuoneshwa wageni, na mtoto hakielewi anachokisema.

Baada ya miaka 9 mpango unapasuka. Waliokusudiwa kazi za nyumbani au ufundi wanahamia shule nyingine, asubuhi pamoja, mchana wasichana wakienda kushona. Wenye vipaji vikubwa au mali wanaendelea na lugha, sayansi, historia na siasa. Haki iliyoanza kwa wote inarudi kupimwa na kazi. Hata hivyo, mahali pengine katika kitabu anataka wanawake wawe madaktari, waendeshe biashara, na anadokeza, akijua watacheka, kwamba wawe na wawakilishi bungeni.

Haki tupu, isiyotegemea faida, iliandikwa Ufaransa. Mwanafalsafa Condorcet, Julai 1790, alisema haki zinatokana na kuwa kiumbe kinachohisi, kinachofikiri na kinachoweza kuwa na mawazo ya maadili. Ama hakuna binadamu mwenye haki, ama wote wana zilezile. Mimba na maradhi ya kupita? Hakuna anayewanyima kura wanaougua jongo kila majira ya baridi. Wanawake hawajavumbua mambo makubwa? Basi uraia ubaki kwa wanaume wachache wenye vipaji vya ajabu. Kwa jibu hilo la pili ile orodha ya Pizan inapoteza kazi yake: haki haidai mtu awe hodari. Mwandishi wa tamthilia Olympe de Gouges, Septemba 1791, aliandika upya tamko la haki la 1789 katika vifungu 17. Cha 10 kinasema mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa, basi awe pia na haki ya kupanda jukwaa la kusemea. La kwanza alilipata tarehe 3 Novemba 1793, siku nne baada ya vyama vya siasa vya wanawake kupigwa marufuku.

Kwamba madai haya hayabebani lilionekana wazi karibu karne moja baadaye. Mwaka 1890 Philippa Fawcett, mwanafunzi wa Newnham, chuo cha wanawake cha Cambridge, alipata alama za juu kuliko mwanamume aliyeongoza mtihani wa hisabati wa Cambridge, mtihani uliohesabiwa kuwa mgumu kuliko yote Uingereza. Jina lake lilisomwa kuwa juu ya wa kwanza. Suala la uwezo likawa limekwisha, na shahada hakupewa. Mwaka 1921 chuo kilikubali kuwapa wanawake jina la shahada bila uanachama wa chuo kikuu wala kura katika mambo yake. Uanachama kamili ulikuja mwaka 1948.